Penseli ya kubonyeza: ilivyoundwa, inavyofanya kazi na namna ya kuifufua ikikwama

Penseli nyingi za kubonyeza zinazoishia kwenye pipa la taka hazijaharibika. Moja imezibwa na kipande cha risasi kidogo kuliko punje ya mchele, nyingine imejazwa kupita kiasi, nyingine imepewa saizi isiyo yake, na nyingine koni yake ya mbele imelegea nusu mzunguko tu. Kuitengeneza huchukua kama dakika kumi na hakuhitaji kifaa cha gharama, mradi ujue jibu la swali moja: katika kila hatua ya mbonyezo, nani ameshika risasi? Ndani mna washikaji wawili wanaopokezana, na karibu kila hitilafu hutokea pale mmoja wao anaposhindwa kushika au anapokataa kuachia.

Neno lenyewe kwanza. Tunasema "risasi" kwa mazoea ya kalamu ya risasi, ingawa ndani hamna madini ya risasi hata chembe. Ni grafiti, aina ya kaboni, iliyochanganywa na kitu cha kuigandisha. Hapa tutaendelea kuiita risasi, maana ndivyo inavyojulikana.

Maelezo yanafuata penseli ya kawaida ya 0.5 (saizi ya risasi kwa milimita) yenye kibanio cha shaba na koni inayofunguka kwa kuzungushwa. Pentel P205 ya Japani, ambayo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1970, ni mfano mzuri, na nyingi za bei ya kati zimefuata mpangilio huohuo.

Vilivyomo ndani

Anzia nyuma. Kofia ndogo inafunika kifutio, na hiyohiyo ndiyo kitufe. Ukiing'oa pamoja na kifutio utaona mdomo wa bomba la kuhifadhia risasi. Baadhi ya vifutio vina waya mwembamba uliochomekwa upande wa ndani. Huo si uchafu wa kiwandani. Ni waya wa kuzibulia, tena umekatwa kwa kipenyo cha penseli hiyo, na kuna watu hutumia penseli miaka bila kujua kuwa wanao.

Bomba hilo linapita ndani ya mwili wa penseli hadi mbele, na mwisho wake limeungwa na kibanio: kipande cha shaba ya njano chenye tundu katikati, kilichopasuliwa upande wa mbele kikawa mataya matatu. Mataya hayo yameundwa yatanuke yenyewe yakiachwa huru. Kwa nje ni manene zaidi mbele kuliko nyuma, na umbo hilo ndilo siri ya mtambo mzima. Juu yake imevishwa pete fupi ya shaba. Kibanio kikivutwa nyuma, sehemu nene inaingia kwenye pete na mataya yanafumba. Kikisukumwa mbele kikatoka kwenye pete, yanafumbuka.

Springi imezunguka kibanio au bomba, na kazi yake ni kukivuta kibanio nyuma wakati wote ili mataya yabaki yamefumba hata penseli ikiwa mfukoni.

Mbele kabisa ni koni. Kwa ndani koni ina ngazi ndogo ya kuizuia pete isiende mbali. Mbele ya ngazi hiyo kumepachikwa kipira chenye tundu, kidogo mno kiasi kwamba wengi hawajawahi kukiona, na baada yake ni mrija mwembamba wa chuma ambao risasi hutokea. Kwenye penseli za kuchorea ramani mrija huo ni mrefu na umenyooka, mara nyingi milimita 4, ili upite kando ya rula bila koni kuzuia macho.

Washikaji wawili ndio hao: kibanio na kipira.

Mbonyezo mmoja, kwa mwendo wa polepole

Bonyeza kitufe taratibu huku ukihisi kwa kidole. Yanatokea haya:

1. Kabla hujagusa kitufe, mshikaji ni kibanio. Springi imekivuta nyuma, pete imeyabana mataya, risasi haina pa kwenda. Unapoandika, karatasi inaisukuma risasi kurudi ndani, nayo inayavuta mataya yazidi kuzama kwenye pete. Kwa hiyo kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyobanwa zaidi, sawa na kabari inavyokaza mpini wa jembe.

2. Ukianza kubonyeza, bomba, kibanio, pete na risasi vinakwenda mbele kwa pamoja kama kitu kimoja. Risasi inachomoza nje ya mrija.

3. Pete inagonga ngazi ya koni na kukoma. Kibanio kinaendelea mbele peke yake, mataya yanatoka kwenye pete na kutanuka. Kibanio kimeachia. Kuanzia hapa risasi imeshikwa na kipira tu, kwa msuguano mdogo unaotosha kuizuia isidondoke.

4. Ukiachia kitufe, springi inakirudisha kibanio nyuma. Mataya bado yamelegea, kwa hiyo yanateleza juu ya risasi, nacho kipira kinaizuia isiyafuate. Pete inarudi hadi inapogota, mataya yanavutwa ndani yake na kubana tena, safari hii nyuma kidogo ya pale yalipobana mwanzo.

Hakuna meno wala gurudumu linaloisukuma risasi. Inakabidhiwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine na kurudishwa, na kila makabidhiano yanaiacha mbele kidogo. Urefu wa hatua ni umbali ambao pete inasafiri kabla ya kugonga ngazi, basi. Kwa penseli nyingi ni kati ya milimita 0.5 na 1.

Pima ya kwako: rudisha risasi hadi iwe sawa na mdomo wa mrija, bonyeza mara 10, weka rula, gawanya kwa 10. Iandike namba hiyo mahali. Siku penseli ikianza visa, kipimo hiki kinakwambia mengi kuliko kuichungulia.

Kuijaza

Risasi ya kawaida ina urefu wa milimita 60, na kasha la plastiki mara nyingi hubeba 12. Kosa la kwanza la mwenye penseli mpya ni kuzimiminia zote kumi na mbili ndani. Tundu la nyuma la kibanio linapitisha risasi moja kwa wakati. Zikiwa nyingi zinasongamana mlangoni kama abiria wa daladala, hakuna inayoingia. Tena zikigongana zinachubuana na kutoa unga unaoshuka moja kwa moja kwenye mataya.

Ng'oa kofia na kifutio. Tumbukiza risasi 2, zisizidi 3. Rudisha kifutio na kofia, elekeza ncha chini, tikisa kidogo, kisha bonyeza. Risasi ya kwanza inatakiwa ipite kwenye kibanio kilicho wazi, ifike kwenye kipira, halafu isafiri mrija wote, kwa hiyo usishangae mbonyezo wa kumi ukipita hujaona kitu.

Kuna njia ya pili, ya mbele. Bonyeza kitufe ukishikilie, ingiza risasi kupitia mdomo wa mrija kuelekea nyuma, kisha achia. Njia hii ni nzuri unapochunguza hitilafu, kwa sababu inaruka bomba na mlango wa kibanio. Ikiwa penseli inaandika vizuri ukiijaza kwa mbele lakini haitoi kitu ukiijaza kwa nyuma, kizuizi kiko kwenye bomba au nyuma ya kibanio. Mbele kuna salama.

Kurudisha risasi ndani unapomaliza kuandika kuna utaratibu wake. Bonyeza kitufe ushikilie, gusisha ncha kwenye meza kwa upole hadi risasi izame, achia. Ukiisukuma bila kubonyeza kitufe unaipigiliza kabari: mataya yanakaza zaidi na risasi inavunjika ndani, mahali pabaya kuliko pote.

Halafu kuna kile kipande cha mwisho. Risasi ikipungua, mwisho wake wa nyuma unapita mbele ya mataya. Kinachobaki, kama milimita 10 hadi 13 kutegemea umbali wa kibanio hadi ncha, kimeshikwa na kipira peke yake. Unapoandika kinazunguka na kurudi ndani. Hapo hakuna kilichoharibika. Risasi inayofuata inaweza kukisukuma kutoka nyuma, ila uandishi utakuwa wa kuyumba, kwa kuwa vipande viwili vimegusana tu bila kuungana. Mwenye haraka hukivuta kwa kucha na kukitupa. Ni kama moja ya tano ya risasi nzima, hasara inayouma, na ndiyo maana kuna penseli za Kijapani ambazo kibanio chake kimesogezwa hadi karibu na ncha.

Kuifungua bila kupoteza pete

Andaa kitambaa cheupe au sinia yenye ukingo. Pete ni ndogo kuliko punje ya hindi na ikidondoka sakafuni huipati tena. Weka karibu mswaki mkuukuu mkavu, pamba kidogo, spiriti, na waya mwembamba mgumu. Kwa penseli ya 0.5 waya uwe chini ya milimita 0.5. Waya mwembamba kuliko wote wa gitaa, wenye karibu milimita 0.25, unafaa sana. Uzi mmoja wa waya wa umeme unapinda kabla haujafanya kazi, na sindano nyingi za kushonea ni nene mno kwa mrija huu.

1. Toa kofia, kifutio na risasi zote zilizo kwenye bomba, kisha rudisha kofia, maana ndiyo kitufe. Usiruke hatua hii. Risasi zilizobaki ndani zitavunjika wakati unazungusha.

2. Bonyeza kitufe ushikilie, vuta risasi iliyo kwenye ncha, achia.

3. Zungusha koni kinyume na mishale ya saa hadi itoke. Tumia vidole. Ikikataa, izungushie kipande cha mpira wa baiskeli upate mshiko. Koleo litaichubua, na koni ya plastiki itapasuka.

4. Sasa unaona kibanio na pete. Usibonyeze kitufe bado. Kwenye penseli nyingi kilichokuwa kinaizuia pete isitoke ni ile ngazi ya koni, nayo umeshaiondoa. Ukibonyeza hapo mataya yanatanuka na pete inaruka.

5. Pindisha penseli juu ya kitambaa, ncha chini, ndipo ubonyeze. Ipokee pete. Sugua mataya kwa mswaki mkavu ndani na nje, kisha pamba yenye spiriti kidogo, kisha acha yakauke. Angalia kama mataya yote matatu yamelingana na hakuna lililokatika.

Spiriti iguse shaba tu. Plastiki nyingine, hasa zile angavu kama kioo, hupata nyufa zikilowa spiriti.

Na hapa kuna onyo la kukaririwa: usitie mafuta. Si ya cherehani, si ya kupikia, si yale ya kupulizia ya gereji. Penseli hii inaishi kwa msuguano. Grafiti yenyewe ni kilainishi, watu huitia kwenye vitasa vya milango, na unga wake ukijaa kwenye mataya ndio unaofanya yateleze. Ukiongeza mafuta umemaliza kazi ya kuiua.

Kuzibua koni

Shika koni mkononi, iangalie kwa mwanga kupitia upande wa nyuma. Ukiona nukta ya mwanga, iko wazi. Usipoiona, kuna kipande.

Ingiza waya kupitia mdomo wa mrija, yaani kutoka ncha kwenda ndani, ukisukuma polepole. Mrija ni mwembamba na ndani ni pana, kwa hiyo kipande kikishavuka mrija kinadondoka. Ukisukuma kutoka ndani kwenda nje unakipeleka sehemu finyu zaidi, na hapo kitasagika na kujipaka ukutani. Usichokonoe kwa kuzungusha, kwa sababu waya unaweza kukichana kipira au kukitoa mahali pake.

Kipira kikitoka, usikitupe. Kitazame kabla ya kukirudisha: baadhi vina upande mmoja mpana. Upande mpana ndio ulioegemea mdomo wa ndani. Kisukume kwa kijiti cha kiberiti kilichokatwa bapa, hadi kikae sawa bila kupinda.

Kisha jaribu. Chukua risasi mpya, ipitishe kwenye koni kutoka nyuma. Inatakiwa iingie bila kulazimishwa, lakini uisikie ikishikwa. Igeuze koni juu chini: risasi isidondoke kwa uzito wake. Ikidondoka, kipira kimekwisha au hakipo.

Kuunganisha: bonyeza kitufe, mataya yatokeze, yabane pamoja kwa vidole viwili, vika pete, achia kitufe polepole. Springi itayavuta mataya na pete itakaa. Pete nyingi hazina mbele wala nyuma. Rudisha koni, kaza kwa vidole hadi igote, usiongeze nguvu.

Dalili na chanzo chake

Kabla ya kufungua penseli yoyote yenye matatizo, kaza koni. Ni ushauri unaodharauliwa kwa sababu ni mwepesi, ila sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Koni ikilegea, ngazi inasogea mbele, na pete inalazimika kusafiri zaidi kabla ya kugonga. Ikilegea kidogo, kila mbonyezo unatoa risasi ndefu kuliko kawaida (ile namba yako ya mbonyezo 10 itakwambia). Ikilegea zaidi, kitufe kinafika mwisho wake kabla pete haijagonga chochote, mataya hayafumbuki kamwe, na risasi inatoka ukibonyeza halafu inarudi ukiachia.

Dalili hiyo ya *kutoka na kurudi* ina chanzo cha pili: kipira. Mataya yanaporudi nyuma, kama hakuna wa kuizuia risasi, inarudi nayo. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Bonyeza kitufe ushikilie, elekeza ncha chini. Risasi ikidondoka yenyewe, kipira ndicho chenye kosa. Isipotikisika hata ukiivuta kwa kucha, mataya hayajafumbuka, kwa hiyo tazama koni. Vipira haviuzwi peke yake kwa kawaida. Dawa ni kuazima koni nzima, au kipira, kutoka kwenye penseli iliyokufa ya saizi hiyohiyo, ndiyo maana mafundi hawatupi maiti.

*Risasi inazama unapoandika.* Kwanza hakikisha si kile kipande cha mwisho: vuta uone urefu wake. Ikiwa ni ndefu na bado inazama, kibanio hakishiki. Kinaweza kuwa na unga wa grafiti (safisha), pete inaweza kuwa imepasuka au haipo kabisa (aliyefungua kabla yako aliipoteza), au risasi ni nyembamba kuliko kibanio. Risasi ya 0.5 ndani ya penseli ya 0.7 inaleta dalili hii kila siku. Inaingia, inatoka, ila haishikwi.

*Unabonyeza, hakuna kitu.* Toa kifutio, pindua penseli, tikisa. Zikitoka risasi nzima, basi mlango wa kibanio una kipande kilichokaa mshazari. Fungua koni, bonyeza, pitisha waya kutoka mbele kwenda nyuma kupitia katikati ya mataya. Zikitoka vipande vifupi vingi, penseli ilianguka. Grafiti ni kama chaki, mwili wa penseli unaweza kuanguka ukabaki mzima huku risasi zote zimekatika ndani. Vyenye urefu chini ya sentimita 2 vitupe.

*Kitufe kimezama, hakirudi.* Mara nyingi kipande cha risasi kimekaa kati ya kibanio na pete, au kati ya bomba na mwili. Fungua, kung'uta, piga mswaki. Springi yenyewe huharibika kwa nadra.

*Risasi inavunjika kila baada ya neno.* Hapa sababu inayoongoza ni mkono. Nguvu inayohitajika kuivunja risasi inapungua kwa kadiri ilivyochomoza: ukiitoa milimita 2 badala ya 1, inavunjika kwa nusu ya nguvu. Mbonyezo mmoja au miwili unatosha. Kama tayari unaitoa fupi, chunguza mrija. Penseli iliyoangukia pua hupata mrija uliopinda kidogo sana, na kila risasi inayopita inachubuliwa upande mmoja. Iviringishe penseli kwenye kioo cha meza utazame ncha kama inacheza. Kuunyoosha inawezekana kwa kuingiza waya uliojaa ndani na kukandamiza taratibu, ila mara nyingi mrija unabonyea. Jiandae kubadilisha koni.

Saizi na ugumu

Namba iliyoandikwa kwenye penseli ni jina kuliko kipimo. Risasi ya 0.5 ina kipenyo halisi cha karibu milimita 0.56. Ya 0.3 ina karibu 0.38. Ya 0.7 na 0.9 zinakaribiana na majina yake. Kwa hiyo usipime kwa rula ya kidijitali ukadhani umeuziwa bandia.

Uimara dhidi ya kuvunjika unapanda kwa mchemraba wa kipenyo. Ya 0.5 inahimili karibu mara tatu ya 0.3, na ya 0.7 karibu mara mbili ya 0.5. Mtoto wa shule ya msingi na mtu mwenye mkono mzito wapewe 0.7 kabla ya kuanza kulaumiana. Ya 0.5 inafaa kwa hesabu, madaftari na michoro ya kawaida. Ya 0.3 ni ya mchoro mwembamba na mkono uliotulia.

Ugumu unasomwa kwa herufi: H ni ngumu na hafifu kwa rangi, B ni laini na nyeusi, HB iko katikati. Mchoraji wa ramani huweka 2H kwa mistari ya kuongozea na HB kwa mistari ya mwisho, ikiwezekana katika penseli mbili tofauti. Laini zaidi, kama 2B, inaandika kwa raha ila inaacha unga mwingi, kwa hiyo kibanio kitahitaji kusafishwa mapema.

Risasi nyembamba namna hii haikuwezekana zamani. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza ya penseli ya kusogeza risasi huko Uingereza mwaka 1822, na Tokuji Hayakawa wa Japani akatengeneza yake ya chuma mwaka 1915, lakini risasi za enzi hizo zilizidi milimita moja. Zilifungwa kwa udongo, kama za penseli za mbao, na udongo ukiwa mwembamba unakatika. Mwaka 1960 Pentel ilitoa risasi iliyofungwa kwa rezini badala ya udongo, na kuanzia hapo vipenyo vikashuka.

Ukiwa dukani

Usinunue kabla hujaibonyeza. Chungulia mdomo wa nyuma na, kama muuzaji anaruhusu, fungua koni. Ukiona rangi ya shaba kwenye mataya, hiyo inatengenezeka. Mataya ya plastiki, ambayo mara nyingi ni mawili tu, yanalika na hayana dawa, na penseli hizo huwa zimegundishwa koni kwa gundi. Bei yake ni ya kutumia na kutupa, usitegemee zaidi.

Toa risasi milimita 1, kandamiza kwenye karatasi kwa nguvu ya kuandika. Isizame. Jaribu kuizungusha kwa vidole. Isizunguke. Shika kitufe, elekeza chini. Isidondoke. Majaribio matatu hayo yamepima kibanio, pete na kipira kwa nusu dakika.

Aina mbili usizifungue kwa mwongozo huu. Ya kwanza ni zile zenye mtambo wa kuzungusha risasi, kama Kuru Toga ya Mitsubishi Pencil iliyotoka mwaka 2008. Kila unapoinua ncha kutoka kwenye karatasi, vigurudumu vyenye meno ndani yake vinaigeuza risasi nyuzi 9, hivyo herufi inabaki na unene uleule. Vigurudumu hivyo vikitawanyika kuvirudisha ni kazi ya siku nzima. Ya pili ni penseli za milimita 2 za wachoraji. Nyingi hazina kipira kabisa: ukibonyeza, mataya yanafunguka na risasi inaanguka moja kwa moja, kwa hiyo weka kiganja chini ya ncha kabla ya kugusa kitufe.